Vitambaa vya Kuagana

Habari za kifo cha Mwende zilinikuta kazini, saa tano asubuhi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mteja nikimpimia pindo la suruali, pini tatu zikiwa mdomoni. Nakato, tuliyeishi naye mimi na Mwende chumba kimoja zamani, alikuwa ameniandikia kwenye simu maneno mawili tu: Mwende ametuacha. Nilimaliza kupima, nikabandika kijikaratasi cha jina la mteja kwenye suruali, nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo na kukaa kwenye kigoda. Jumapili iliyofuata Wakenya walikutana kwa maombi katika nyumba moja hapa hapa Dubai, mtaa wa Jumeirah Village Circle, dakika kumi kwa miguu kutoka dukani kwangu, nami nikaenda na Nakato, ingawa mimi ni Mtanzania na wengi mle ndani hawakuwa wamewahi kumwona Mwende. Zilikuwepo chapati zilizofunikwa kwa taulo na chai ya maziwa kwenye chupa mbili kubwa. Baada ya sala, mwenye nyumba aliweka simu yake mezani ili sote tusikie sauti iliyotumwa kutoka Kitui, kwao Mwende. Ilikuwa sauti ya msichana, ya taratibu, na nyuma yake kulikuwa na watu wakivuta viti. "Mimi ni Mutheu, mtoto wa Mwende. Asanteni kwa kuombea mama. Niko na ombi moja tu. Mama alirudi nikiwa darasa la pili, na mimi nilimjua akiwa haoni. Kama kuna mtu aliishi na yeye huko Dubai wakati alikuwa anaona, tafadhali aniambie alikuwa anakaa aje. Hata kitu kidogo."

Nakato alinitazama, kisha wote wakanitazama. Nikasimama, nikasema kwamba Mwende alikuwa fundi mzuri na alitupenda sote, halafu nikakaa. Watu wakaitikia amina. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu hayo ndiyo maneno tunayomsemea mtu ambaye hatukumjua, na mimi nilimjua Mwende kwa mwaka mzima, kitanda chake na changu vikiwa vimetenganishwa na nafasi ya mtu mmoja kupita. Ndiyo maana naandika. Mutheu nitamtumia haya, yote, hata yale ambayo hakuyaomba. Sitaanza na nilikotoka wala sababu zilizonifanya nipande ndege. Kila aliyefika huku ana sababu, nazo zinafanana. Nitaanza na chumba.

Chumba kilikuwa mtaa wa Al Quoz, ghorofa ya pili ya jengo la wafanyakazi, na kilikuwa na vitanda vinne. Kimoja kilibeba masanduku, kimoja kilikuwa cha Nakato, Mganda aliyefanya kazi ya kukunja mashuka, na viwili vilivyobaki vilikuwa vyetu, mimi na Mwende. Dirisha lilitazama ukuta mweupe wa ghala, na kuanzia saa nane mchana jua liligonga ukuta ule na kurudisha chumbani mwanga mkali usio na kivuli. Kitanda cha Mwende kilikuwa chini ya dirisha hilo. Alikipata kwa sababu alikuwa ametutangulia, na wala hakuwa tayari kukibadilisha na mtu. Mwanzoni nilidhani ni kiburi cha mwenyeji. Wakati wa joto maji ya bomba yalitoka yakiwa yanaunguza, kwa hiyo tulijaza ndoo asubuhi ili jioni yawe yamepoa, na ndoo ya Mwende ilikuwa na uzi mwekundu uliofungwa kwenye mkono wake. Kila kitu chake alikifunga uzi mwekundu: sufuria, mwiko, hata chaja ya simu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mrefu, mwenye sauti nene, na alipocheka aliinamisha uso kana kwamba anaficha meno, ingawa meno yake yalikuwa mazuri kuliko yetu sote.

Kazi yetu ilikuwa katika hoteli moja Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege iliporuka glasi za chai zilitetemeka juu ya meza ya kukatia. Chumba cha ushonaji kilikuwa chini kabisa, kati ya dobi na stoo ya sare. Mwende alikuwa fundi. Mimi nilianza kwa kukunja taulo, nikahamishiwa kwake kama msaidizi baada ya madam, msimamizi wetu, kuniona nikishona kifungo cha sare yangu bila kuangalia. Siku ya kwanza Mwende alinipa mashati kumi na mawili ya wahudumu, akachukua la kwanza nililomaliza na kuligeuza ndani nje. "Mbele imekaa sawa," akasema. "Lakini hapa nyuma ndio naona ulikuwa na haraka. Fumua." Nilifumua. Nilimchukia kwa siku mbili hivi, kisha siku ya tatu akaniletea karanga alizokaanga kwa chumvi kwenye kikombe cha plastiki, akaziweka karibu na cherehani yangu bila neno.

Vile vitambaa niliviona kwa mara ya kwanza Ijumaa moja mchana, siku yetu ya mapumziko wakati ule. Nakato alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe akitumia kioo cha mkononi, mimi napika, na Mwende amekaa kitandani na kitambaa cheupe kisichozidi kiganja, kimebanwa kwenye duara la mbao. Kilikuwa kitambaa chenye vijitundu vilivyopangwa kama miraba ya daftari la hesabu. Alichomeka sindano, akapitisha uzi mshazari, akarudi akauvuka kwa uzi mwingine, ikatokea alama ndogo ya msalaba, kisha nyingine pembeni yake, na nyingine. Nilisogea kuona. Ilikuwa ngazi, ngazi ya mawe inayopanda upande mmoja wa kitambaa hadi mwingine. "Ni ya nani?" nikauliza. Akasema ni ya yule Mnepali wa dobi aliyekuwa anaondoka wiki ile, ambaye kila wakati wa chakula alilalamika kuhusu ngazi za kwao, jinsi mama yake anavyozipanda na mtungi. "Analalamika hivyo kwa sababu anazitaka," Mwende akasema. Ndivyo alivyofanya kwa kila mtu aliyeondoka moja kwa moja. Hakuuliza mtu anapenda nini. Alisikiliza mazungumzo ya watu kwenye basi na mezani, akachagua kitu kimoja. Mhudumu mmoja Mkenya aliyelala na soksi mwaka mzima alishonewa soksi. Mlinzi aliyekuwa anahesabu siku zilizobaki hadi mvua za kwao alishonewa mwavuli, na namkumbuka alivyosimama kwenye korido akiushika mwavuli ule mdogo kwa vidole viwili, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Nilimwomba anifundishe. Kanuni zilikuwa chache na hakuniachia hata moja. Anza katikati ya kitambaa, usianzie pembeni. Usifunge fundo, ficha mkia wa uzi chini ya mishono. Uzi wa juu wa kila msalaba ulale upande ule ule, la sivyo mwanga utaonyesha palipokosewa hata kama rangi ni sawa. Na hesabu. "Ukipotea, usibahatishe," aliniambia. "Rudi mahali unajua." Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa jani la chai, la Nakato, ambaye hakuwa anaondoka popote, na lilitoka likiwa na umbo la samaki. Nakato alilibandika juu ya kitanda chake na kuwaambia wageni kwamba ni samaki wa ziwa lao. Tulicheka mchana mzima, na ugali ukaungua. Mwende na mimi tuligombana kila siku juu ya ugali: wake ulikuwa mgumu wa kukata kwa kisu, wangu aliuita uji. "Nyinyi Watanzania mnaongea vizuri tu," alikuwa akisema, akivuta sahani yake. "Kupika ni kitu ingine." Na hata hivyo alikula, na akanibakizia mboga.

Kilichokuwa chake mwenyewe kilikaa chini ya mto, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa kitambaa kikubwa kuliko vingine, ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa, chenye jina la Mutheu juu na nafasi ya kuku watano chini. Mutheu alikuwa na kuku wake, na kila Ijumaa kwenye simu alianza na habari za kuku kabla ya habari za shule. Walizungumza Kikamba, nami sikuelewa zaidi ya majina, lakini nilijua wakati wa kuku kwa sababu sauti ya Mwende ilikuwa nyepesi, na nilijua bibi yake Mutheu anapochukua simu kwa sababu Mwende aligeukia ukuta. Alikuwa amemwacha Mutheu akiwa anatambaa. Kitambaa kile alikuwa anakishona polepole kwa makusudi. Aliniambia kwamba siku atakapofunga mshono wa mwisho ndipo atakapopanga sanduku.

Nilianza kuona kasoro mwezi wa tano tangu nifike, ingawa leo nikifikiri naona zilikuwepo tangu mwanzo. Aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, akisema mikono yake imechoka na joto. Kisha akaniomba kila siku. Alishona kifungo cha rangi ya kahawia kwenye koti jeusi. Ijumaa moja nilimkuta amekaa kwenye ule mwanga wa ukuta, kitambaa cha Mutheu kikiwa karibu kugusa pua yake, akihesabu vijitundu kwa ncha ya sindano, na alipofika mwisho akaanza upya, na tena upya. Kuku wa tatu alikuwa na shingo iliyoachana na mwili kwa vijitundu viwili. Nikakaa pembeni yake. "Dada Mwende, huoni?" Alizungusha kifuniko cha kopo la pini, akakifunga vizuri. "Naona," akasema. "Naona kama mtu ameweka pazia. Asubuhi pazia ni nyepesi." Alikuwa amekwenda kliniki miezi miwili kabla, wakamwambia ni sukari, imeshagusa macho, na kwamba macho yanahitaji matibabu ambayo bima yetu haikuyagharamia. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi saba. Akimaliza, angerudi na haki zake zote na kwenda hospitali kwao. Akijulikana kabla, angerudishwa vile alivyo. "Miezi saba tu, Pendo. Nikishikilia ukuta nitafika."

Nikamwambia nitamsaidia, na kwa miezi mitano nilifanya hivyo. Najivunia miezi ile, na ni vizuri niseme hivyo kabla sijasema mengine. Kila asubuhi, kabla madam hajashuka, nilitunga nyuzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye kipande cha sufi kwa mpangilio tuliokubaliana: nyeupe, nyeusi, buluu ya sare, kahawia, na kadhalika kutoka kushoto kwenda kulia, ili azijue kwa kugusa. Nilichora mistari ya chaki minene. Kazi za wageni wa hoteli, zile za mishono midogo, nilizifanya mimi, na kijikaratasi cha kila kazi kikaendelea kubaki na jina la Mwende kwa sababu yeye ndiye fundi. Yeye alishona kwa cherehani, maana vidole vyake vilijua njia, na madam alipopita Mwende aliinua uso kuelekea sauti ya viatu na kusema kazi itakuwa tayari saa tisa. Nyumbani nilimhesabia vijitundu. Alishona mwenyewe, lakini mimi nilikaa pembeni nikisema, "Mbili kulia, sasa shuka moja," na hivyo ndivyo tulivyommaliza kuku wa tatu na wa nne. Nakato alitupikia. Kama kuna wakati katika maisha yangu nilipokuwa mtu ambaye mtu mwingine angeweza kumtegemea, ni ule.

Halafu likaja gauni. Mgeni mmoja wa ghorofa ya nne, mama wa bibi harusi, alikuwa na gauni la kijani lenye nakshi za dhahabu, refu mno kwake, na harusi ilikuwa jioni ile ile. Madam alilileta mwenyewe, amelibeba kwa mikono miwili. "Yalla, Mwende, hii ya kwanza, nyingine zisubiri," akasema, akaliweka mezani. Mwende alilipapasa, akaniambia kwa sauti ya chini ni hariri, nisiivute. Mama yule alishuka, akalivaa na kusimama juu ya kigoda, nami nikachora mistari miwili ya chaki kwa ndani: mmoja wa kukunjia pindo, mwingine, chini yake vidole vinne, wa kukata. Mwende alikuwa ameniambia nitumie rangi mbili za chaki. Sikutumia. Niliona ni kupoteza muda, na nilikuwa na mashati ya wahudumu yananisubiri, na kichwa kilikuwa kinaniuma. Alipolivua na kuondoka, nilikata kwenye mstari wa kukunjia. Nilijua wakati mkasi ukiwa umeshafika katikati. Hariri haipigi kelele ikikatwa, inaachia tu, na kile kipande kirefu kikaanguka juu ya viatu vyangu. Nikamaliza kukata, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, kisha nikamwambia Mwende, "Nimekosea." Akasogea, akachukua ukingo wa gauni, akaupitisha kati ya vidole vyake hadi mwisho. "Tutatafuta kitambaa cha kuunga," akasema. "Tutaweka utepe wa dhahabu, hatajua. Leta ile boksi." Nilikuwa naenda kuchukua boksi madam alipoingia.

Nimekuwa na miaka kumi na minane ya kutafuta maneno mengine ambayo ningeweza kuyasema. Madam hakuwa mtu mbaya. Alitazama gauni, akatazama kipande kilichokuwa sakafuni, akasoma kijikaratasi chenye jina la Mwende. Akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida ya kazini, ni nani aliyekata. Mashine za dobi zilikuwa zinazunguka upande wa pili wa ukuta. Mwende alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto, gauni likiwa bado mkononi mwake, na nilimwona akifungua mdomo, na mpaka leo sijui alitaka kusema nini. Nilimwahi. Nilisema: "Macho yake hayaoni, madam. Yeye haoni vizuri, ana miezi mingi hivyo, mimi ndiye ninayemsaidia." Kila neno lilikuwa kweli. Madam alimgeukia Mwende, akamuuliza kama ni hivyo. Madam akachukua sindano kwenye sufi, akautoa uzi wake, akaviweka vyote viwili kwenye kiganja cha Mwende na kumwomba atunge. Mwende alilamba ncha ya uzi. Alijaribu mara nne au tano, bila haraka, huku akiuelekeza uso wake kwenye taa ya darini, na uzi ukipita pembeni ya sindano kila mara. Kisha akaviweka mezani. "Khalas," madam akasema, kwa upole, kama unavyomwambia mtoto aliyelia ya kutosha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinama na kuokota kile kipande cha hariri, nikakikunja mara mbili, nikakikunja tena.

Zilipita siku kumi na moja kabla ya safari yake. Hakunisemesha neno hata moja siku zile zote. Hakunitukana, hakulia, wala hakumweleza Nakato. Nakato alijua kutoka kwa watu wa dobi kwamba macho ya Mwende yamegunduliwa, basi. Mimi ndiye niliyeendelea kwenda kazini. Nilipewa kiti chake na meza yake siku iliyofuata, na taa ndefu yenye shingo ambayo alikuwa ameiomba kwa mwaka mzima ililetwa wiki ile. Jioni nilirudi nikamkuta amekaa kitandani chini ya dirisha, na kitambaa cha Mutheu, akijaribu kuku wa tano. Siku ya kwanza nilisema, "Dada Mwende, nikuhesabie?" Akageuza uso ukutani, kama alivyofanya zamani bibi yake Mutheu alipochukua simu. Alimwita Nakato amtungie nyuzi. Nakato hakujua mpangilio wetu wa rangi, na hakujua kuhesabu vijitundu, naye Mwende hakumfundisha. Alishona kwa vidole, akipapasa kuku wa nne ili amwone wa tano. Nilikuwa nimelala kitanda cha pili, nafasi ya mtu mmoja kati yetu, nikisikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Yule kuku alikuwa na miguu mitatu na mdomo ulioelea peke yake hewani, nusu yake kijani. Mutheu, kama bado unacho, ni yule wa mwisho kulia. Wanne wengine nilikuwepo. Huyo alimshona peke yake.

Alimaliza siku mbili kabla ya kuondoka, na kweli akatoa sanduku. Niliona kwamba ataondoka bila kitambaa cha kuagana, kwa sababu aliyevishona alikuwa yeye, na mwingine aliyejua kushona nilikuwa mimi. Nilitoa kipande cheupe, nikakibana kwenye duara, nikakaa nacho chooni usiku ili asisikie. Sikujua nishone nini. Mwaka mzima nilikuwa nimesikiliza namna yeye alivyowasikiliza wengine, na kila nilichokumbuka juu yake kilikuwa ni kitu alichokuwa anampa mtu mwingine. Nikafikiria karanga, nikafikiria ndoo, nikafikiria dirisha. Nilianza dirisha. Nikafumua. Siku ya safari basi la kazini liliondoka saa kumi na mbili asubuhi kama kila siku, nami nikapanda. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jengo na Nakato, ambaye alikuwa ameomba ruhusa amsindikize uwanjani. Amevaa sketi yake ya kanisani. Nilipompita nilisema, "Safari njema, dada." Akasema, "Asante," kwa sauti ile anayomjibia mtu yeyote anayempisha njiani. Saa nne, nikiwa kwenye kiti chake, ndege ilipita juu na glasi zikatetemeka. Haikuwa lazima iwe yake. Zilikuwa zinapita kila dakika chache.

Yule mama wa harusi alivaa gauni likiwa na utepe wa dhahabu, kama Mwende alivyosema. Nilihangaika nalo kwa muda wa saa tatu. Alinisifu.

Nilibaki hotelini pale miaka tisa. Watu waliendelea kuondoka, na wapya hawakujua kwamba zamani mtu aliyeondoka alipewa kitu. Ilikuwa mwaka wa nne ndipo nilipomwomba Nakato namba ya Kitui, naye akanipa bila kuuliza kwa nini imenichukua muda wote huo. Nilipiga Jumapili mchana, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za jengo. Mtoto alipokea. Nikasikia akisema kuna mtu wa Dubai, kisha hatua, kisha kiti. "Ni Pendo," nikasema. Mwende akaniuliza kama bado napika uji badala ya ugali. Nilianza kulia, akaniacha nilie. Alinieleza kwamba jicho moja lilizimika mwaka ule ule na jingine mwaka uliofuata. Hospitali walijaribu, lakini alichelewa. Hakusema alichelewa kwa sababu ya nani. Miezi ile aliyoificha ilimchelewesha, na mimi nilisaidia kuificha, kisha nikaifichua siku ambayo kuifichua kulinifaa. Nimelipindua jambo hili kila upande, na hakuna upande ambao mimi ninatokea vizuri.

Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia nilikata mimi. "Najua ulikata wewe," akasema. "Si nilikuwa hapo." Nikasema nilimsaliti kwa kuyataja macho yake. Nikasikia kuku kwao, kuku wa kweli, na mtu akitwanga.

"Si hiyo," akasema. "Macho wangejua tu. Kama si gauni, ni kitu ingine. Hiyo nilikusamehea hata kabla sijafika nyumbani." Akakohoa. "Lakini nilikuwa nimesimama hapo, Pendo. Karibu na wewe hivi. Na wewe ukamwambia madam, yeye haoni, yeye ako hivi. Ukaniongelea kama siko. Saa hii hiyo ndio maisha yangu. Watu wanakuja hapa wanauliza Mutheu: anakunywa chai? Amelala vizuri? Anataka kukaa kwa kivuli? Na mimi nimekaa hapa. Kila mtu. Sasa nimezoea. Lakini wa kwanza alikuwa wewe."

Hakuwa amelisema kwa ukali. Alikuwa anaeleza tu, kama alivyonieleza zamani kwa nini shati langu lazima lifumuliwe. Kisha akaniuliza habari za Nakato, na kama lile ghala bado lina ukuta mweupe, nikamwambia wameupaka rangi ya udongo. Akasema basi chumba kitakuwa na giza. Tulipoagana aliniambia nipige tena Jumapili, baada ya kanisa, kwa sababu mchana huwa yuko peke yake. Nilisema nitapiga. Jumapili hiyo nilikaa kwenye ngazi zile zile na simu mapajani mpaka kivuli kikanifika miguuni. Jumapili iliyofuata nilikaa tena. Baada ya hapo ikawa rahisi zaidi kutokupiga, na miaka ikapita hivyo, na yeye, Nakato ananiambia, kwa muda mrefu kila Jumapili mchana alimwambia mtoto amwekee simu karibu.